Mjadala: Waliotumikia jeshi la Marekani watengewe nafasi kwenye vyuo vya udaktari?

Mleta mada, Houston

Wadau, habari za huko mliko. Naitua hoja hapa, mwenye kupinga apinge kwa hoja.

Nilikuja Marekani kusoma, nikamaliza shahada ya biolojia 2011 na GPA, yaani wastani wa alama, ya 2.7 kati ya 4.0. Karo ya mwanafunzi wa kigeni mnaijua: muhula mmoja unasoma, muhula wa pili unahangaikia ada, na mtihani haukusubiri. Mwaka 2013 nikaingia jeshini kupitia MAVNI, ule mpango uliochukua wageni wenye viza kwa ajili ya lugha zao, Kiswahili kikiwemo, au utaalamu wao wa afya. Ulisimamishwa 2016, lakini sisi tuliotangulia uraia tuliupata humo humo. Nimekuwa mhudumu wa tiba wa kikosi hadi 2021, nikatoka, nikaanza kusoma upya kozi za sayansi jioni. Zote nimepata A. Mtihani wa MCAT, ule wa kuingilia vyuo vya udaktari wenye alama 472 hadi 528, nimepata 509.

Sasa hesabu. Mfumo wa AMCAS, ambao ndio vyuo vingi vya huku hupokelea maombi, huchukua kila somo ulilowahi kufanya chuoni. Hata ukirudia somo, alama ya zamani haifutwi, zinahesabiwa zote mbili. Nina krediti 120 za zamani kwa 2.7. Nimeongeza 40 za A tupu. Jumla inakuwa 3.02. Na wanaoingia wastani wao unakaribia 3.8, MCAT inazidi 511, umri ni miaka 24 hivi.

Mtu akiomba kazi serikali kuu ya Marekani, utumishi wake jeshini unahesabiwa. Sheria ipo tangu 1944. Kwenye udaktari hakuna kitu kama hicho. Mimi nasema nafasi zitengwe. Naomba kuwasilisha.

Muuguzi, Minneapolis

Kaka, pole na hongera. Lakini napinga.

Nipo wodini miaka mingi. Mgonjwa mwenye kisukari, figo zimechoka na dawa kumi na mbili mezani hamuulizi daktari wake alivaa gwanda gani. Anataka ajue dawa ipi inagombana na ipi. Kazi uliyoifanya ni ya heshima, ila uliwahudumia vijana wenye afya walioumia. Hospitali imejaa wazee walioumwa polepole kwa miaka thelathini. Hizo ni kazi mbili.

Halafu jeshi limeshakulipa. GI Bill, ile haki ya kusomeshwa ya waliotumikia jeshi, kwa waliotumikia baada ya Septemba 2001 inakupa miezi 36 ya masomo: chuo cha umma cha jimbo lako karo yote, pesa ya nyumba kila mwezi na ya vitabu hadi dola 1,000 kwa mwaka. Mwanangu mimi atasoma kwa mkopo. Sasa kalipwa karo, na kiti nacho apewe? Kiti ni cha mgonjwa, si zawadi ya askari.

Fundi wa maabara, Mombasa

Dada Muuguzi umesema kweli tupu. Huku kwetu kijana akikosa pointi chache tu kwenye masomo yanayotakiwa na kozi, udaktari kwake umekwisha, hata awe na moyo gani. Hakuna cha jeshi wala cha polisi.

Daktari, Dar es Salaam

Fundi, si kweli kwamba mlango ni mmoja. Hapa Tanzania ukiacha kidato cha sita cha Fizikia, Kemia na Biolojia, kuna mlango wa afisa tabibu: mwenye stashahada ya utabibu na ufaulu mzuri anaomba shahada ya udaktari. Nimesoma darasa moja na watu wa namna hiyo. Walikuwa na watoto, wengine wametokea vituo vya afya vya ndani kabisa. Mwaka wa kwanza baiokemia iliwachapa kama ilivyotuchapa wote. Tulipoingia wodini wao ndio waliotufundisha kuweka sindano kwenye mshipa wa mtoto mchanga bila mama yake kuzirai.

Tofauti ni kwamba afisa tabibu anaingia na alama za stashahada yake. Hakuna anayechanganya matokeo ya ujanani na ya leo yakawa wastani mmoja. Mleta mada, naona umeomba kitu kisicho dawa ya maumivu yako. Unalia na wastani, unaomba kiti.

Askari wa zamani, Virginia

Kabla hatujafika kwenye wastani, niwajibu wanaosema nafasi za kutengwa ni jambo geni. Si geni hata kidogo.

1972 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kusaidia kuanzisha vyuo vya udaktari vya majimbo jirani na hospitali za VA, idara ya serikali inayowahudumia wanajeshi wa zamani. Vikazaliwa vitano: Texas A&M, Wright State ya Ohio, Marshall ya West Virginia, East Tennessee State na University of South Carolina. Kwa hiyo vipo vyuo vya udaktari ambavyo msingi wake ni fedha zilizotolewa kwa jina letu. 2018 ikaja sheria nyingine, MISSION Act, ndani yake kuna mpango wa majaribio: vyuo hivyo vitano pamoja na vinne vya kihistoria vya Weusi (Howard, Meharry, Morehouse na Charles R. Drew) kila kimoja kitenge viti viwili kwa wanajeshi wa zamani, VA ilipe, na mhitimu aitumikie VA miaka minne. Viti 18 nchi nzima! Na masharti yake yalimtaka mtu asiwe na haki ya GI Bill. Kila mwaka wanaoomba vyuo vya MD, shahada ya kawaida ya udaktari huku, wanazidi 50,000 na wanaoingia ni 23,000 hivi, kwa hiyo mkisikia "upendeleo wa wanajeshi" mjue ulikuwa ndio huo, kibaba.

Muuguzi, kuhusu mgonjwa: VA ina watu zaidi ya milioni 9 waliojiandikisha. Wengi hawamwambii daktari kinachowakosesha usingizi mpaka wajue naye aliwahi kulala kwenye mchanga. Hilo halipimwi na MCAT.

Muuguzi, Minneapolis

Halipimwi, lakini pia halithibitishwi na gwanda. Nimefanya kazi na daktari mmoja mwanajeshi wa zamani ambaye wagonjwa walimkimbia kwa amri zake. Na nimefanya na binti wa miaka 27 ambaye wazee waliopigana vita vya Vietnam walikuwa wakimsubiri kwenye korido wamweleze habari zao. Kusikiliza ni tabia ya mtu.

Kitu kingine mnakiruka. Akianza na miaka 35, chuo miaka minne, mafunzo ya ubingwa mitatu kwa tiba ya familia, mitano au zaidi kwa upasuaji. Anaanza kazi hasa kwenye 42 au 44. Kiti kimoja hicho hicho kingempa taifa daktari wa kufanya kazi miaka kumi zaidi.

Tabibu msaidizi, Seattle

Hesabu hiyo ya umri huwa sipendi kuisikia, maana ikifuatwa mpaka mwisho tutaanza kuuliza na wanawake watazaa lini. Tuiache.

Mimi ni PA, tabibu msaidizi kwa tafsiri ya karibu, nami nilipita jeshini. Nashangaa hakuna aliyetaja njia hii wakati ilianzishwa kwa ajili ya watu kama mleta mada. 1965 Daktari Eugene Stead wa Duke aliona wahudumu wa tiba wa jeshi la majini wanarudi uraiani na ujuzi usio na cheti chochote. Akaanza darasa na wanne. Miaka miwili baadaye watatu wakahitimu, na hiyo ndiyo taaluma nzima ilivyozaliwa. Unasoma miaka miwili hadi mitatu, unatibu, unaandika dawa, unarudi nyumbani mwanao hajalala.

Sikuambii usiende udaktari. Nakuuliza unachotaka hasa ni kutibu au ni kuitwa daktari. Jibu ulijue kabla hujatumia miezi yako 36.

Mhasibu, Columbus

Mimi si wa afya, nachangia upande wa pesa tu.

Sheria ya bajeti iliyosainiwa Julai 2025 imefuta mikopo ya Grad PLUS, ile ya serikali kwa wanaosoma baada ya shahada ya kwanza, kwa wakopaji wapya kuanzia Julai 2026. Wanaosoma udaktari watakopa serikalini si zaidi ya dola 50,000 kwa mwaka, na jumla mwisho 200,000. Vyuo vingi vya binafsi vinazidi hapo ukijumlisha chakula na pango. Mtoto wa maskini sasa ataenda kwa mabenki. Mwenye GI Bill yeye kasimama pazuri kuliko alivyowahi kusimama: chuo cha umma analipiwa, na cha binafsi kuna kikomo cha mwaka lakini mpango wa Yellow Ribbon huziba sehemu ya pengo kwa vyuo vilivyojiunga. Kwa hiyo kwa pesa mleta mada ni tajiri kati ya waombaji, na kuomba atengewe kiti wakati huu ni jambo gumu kulitetea mbele ya mtoto wa dereva wa lori.

Angalizo: miezi 36 ni miaka minne ya masomo ya miezi tisa tisa. Udaktari miaka ya wodini haina likizo ndefu, hivyo miezi yako 36 inaweza kuisha kabla hujahitimu. Waliotumikia vipindi viwili waisome hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani ya Aprili 2024, kesi ya Rudisill: wenye haki ya GI Bill ya zamani na ya mpya wanaweza kufika miezi 48.

Mleta mada, Houston

Nimewasoma wote. Tabibu wa Seattle, swali lako nimelala nalo. Nataka udaktari. Nimeshaona kinachotokea pale ninapofika mwisho wa ruhusa yangu na daktari yuko mbali. Sitaki kuishi kwenye mpaka huo.

Mhasibu, hoja ya pesa naikubali yote. Ndiyo maana Daktari wa Dar amenigusa panapouma. Serikali inanilipia shule kwa sababu nilitumikia, halafu mlangoni napimwa kwa mitihani niliyofanya kabla sijatumikia. Zamani vyuo vya DO, ile shahada nyingine ya udaktari huku, vilikuwa vinakubali alama mpya ifute ya zamani ukirudia somo. Hilo liliondolewa 2017.

Na Texas ninapoishi ipo sheria inaitwa Academic Fresh Start. Mkazi anaomba masomo yenye umri wa miaka kumi au zaidi yasihesabiwe. Nilifurahi kama mtoto, mpaka nikaisoma yote. Huchagui: yanaondoka yote, F pamoja na A, na shahada iliyosimama juu yake haitambuliki. Vyuo vya udaktari vya Texas vinadai krediti 90. Mimi ninazo 40. Za kuzikamilisha nitazilipa na GI Bill ile ile niliyoitunza kwa ajili ya udaktari.

Basi nabadilisha ninachoomba. Kiti kaeni nacho. Aliyetoka jeshini na kusoma upya sayansi, chuo kitazame krediti za baada ya jeshi peke yake, na MCAT iwe ile ile kwa wote. Nikianguka hapo nimeanguka mwenyewe.

Muuguzi, Minneapolis

Hilo naliunga mkono, kwa sharti kwamba lisiwe la wanajeshi peke yao. Msaidizi wa wagonjwa aliyefeli akiwa na miaka 19 kwa sababu alikuwa anamlea mama yake mgonjwa, naye ametumikia.

Askari wa zamani, Virginia

Hapo ndipo tutagombana, dada. Wa kwako namhurumia kwa dhati, lakini ukimfungulia kila mtu, vyuo vitasema maombi ni mengi mno na vitarudi kwenye wastani mmoja. Anzeni na kundi dogo ambalo tarehe ya kuingia na kutoka imeandikwa kwenye cheti cha serikali.

Daktari, Dar es Salaam

Cheti cha stashahada nacho kina tarehe, mzee.