Naomba ushauri: tunataka kujengesha phinisi ya kukodisha watalii

Habari zenu, wakuu. Mimi na mwenzangu tunataka kuagiza phinisi, jahazi la mbao la Sulawesi Kusini, Indonesia, tulikodishe kwa watalii wa hadhi ya juu kati ya mji wa bandari wa Labuan Bajo na visiwa vya Komodo, hukohuko Indonesia. Mafundi tuliozungumza nao wako Tana Beru, wilaya ya Bulukumba, Sulawesi Kusini. Ufundi wao unavutia mno: wanalaza mkuku (gogo la chini linalobeba chombo kizima), wanapandisha mbao za ubavuni kwa vigingi vya mti, ndipo mataruma, yaani mbavu za ndani, yanafuata. UNESCO iliutambua mwaka 2017, na ilistahili kabisa.

Tumekwama hapa: fundi mkuu hafanyi kazi kwa michoro, na kampuni ya bima inataka michoro pamoja na hesabu za uthabiti wa chombo. Nasi tunataka vyumba 6 vyenye bafu na kiyoyozi, pamoja na sitaha ya juu, yaani uzito mwingi juu ya maji. Mbao nazo zinanitia hofu. Zikiwa mbichi zitasinyaa na kalafati, yaani vizibo vya kati ya mbao, itaachia. Tumeshampata mchoraji wa meli, lakini fundi anasema umbo la chombo analijua yeye.

Naomba kujua: mkaguzi huru aanze kazi kabla mkuku haujalazwa, au inatosha aje mataruma yakishafungwa? Na malipo ya awamu tuyafunge kwenye hatua zipi za ujenzi, fundi asikwame na sisi tusitangulize pesa kupita kazi iliyofanyika? Aliyewahi kujengesha chombo cha mbao, popote pale, anisaidie tafadhali.