Mtu mwenye bastola kiunoni mnamjuaje bila kumpekua?

Wakala_Chake
Assalam alaykum wana jukwaa. Mie nna kibanda cha uwakala hapa Chake, Pemba, kuweka na kutoa pesa, na msimu huu wa karafuu mnaujua wenyewe, mtu akishauza haendi nazo nyumbani zote, anakuja kwangu kwanza. Sasa juzi baada ya alasiri kaja mtu simjui, shati kubwa kaliachia nje, kasimama upande upande hanikabili, na kila baada ya muda ule mkono wa kulia unapita kiunoni, anagusa anaachia, anagusa anaachia, kama mtu anaehakikisha kitu chake bado kipo. Kauliza makato ya laki tatu ni shilingi ngapi kisha kaondoka zake, hakutoa wala hakuweka. Wallahi usingizi sikupata. Suali langu, kuna alama za kumjua mtu aliebeba mguu wa kuku ama ndo woga wangu tu?

Kijana_wa_Wete
Hahaha yakhe, kwa Pemba ukimshuku kila anaejishika kiunoni tutafungwa msikiti mzima. Kikoi kinateleza utakiacha? Na wazee wetu pesa yao ya karafuu iko kibindoni, wakipita sokoni lazima waipapase, mmoja namjua anaipapasa mpaka akiwa anasinzia barazani.

Babu_Lindo
Kijana usimcheke mwenzio. Wakala, mie nimekaa kwenye lindo miaka mingi, wengine walikuwa wenzangu wanabeba kihalali, wengine nimewaona kabla hawajaonwa na askari, sasa ntakwambia nnachokijua.

Kwanza elewa kuwa kile ni chuma. Glock 17, ambayo askari wengi duniani wanaibeba, ikiwa na magazini iliyojaa inakaribia gramu mia tisa, karibu kilo nzima ya sukari, na kaiweka upande mmoja wa kiuno. Suruali inavutwa chini upande ule, mkanda unalala mshazari, na mtu asiyekuwa na mfuko wake maalum, kaichomeka tu hivi hivi kwenye suruali, basi hana raha hata dakika moja, anaona itateremka mpaka mguuni. Huyo ndo anaejigusa gusa. Askari aliezoea, mkanda wake mzuri na mfuko wake wa ngozi, hajigusi ovyo, kwa hivyo wala usidhani kila aliebeba utamjua, wengine humjui ng'o.

Kujigusa kwenyewe kuna wakati wake. Angalia mtu akiinuka kitini, akishuka kwenye gari, akipanda ngazi, ama akipishana na askari njiani, mkono unakwenda wenyewe bila ya kuutuma. Hizi gari zetu za shamba unazoingia kwa kuinama ndo skuli yangu mie, mtu anashika bomba kwa mkono mmoja na wa pili kabana ubavu, mwengine anashika bomba kwa mikono yote miwili kama binadamu. Tena akikimbia, mtu wa kawaida mikono yote inapepea, huyu mkono mmoja umeganda kiunoni. Na hata akitembea pole pole, mkono wa upande wenye chuma hauchezi sana, unakwenda karibu na mwili, na watu wengi ni wa kulia basi anzia kulia.

Hilo la kusimama upande upande ulilolisema nalo limo. Anauficha ule upande, anakupa bega la pili. Ukimsogelea anageuka tena.

Na jengine, mtanisamehe, msikitini. Mtu aliebeba hakai katikati ya safu, anatafuta ukingo karibu na ukuta, na akienda rukuu anainama nusu kwa sababu shati linapanda. Nimewahi kumjua mtu wa usalama kwa rukuu yake tu, tulipotoka nikampa salamu kwa cheo chake akacheka.

Mzenji_Ohio
Babu umenimaliza na hiyo rukuu. Mie niko Columbus, huku Ohio tangu Juni 2022 mtu wa miaka 21 na zaidi asiekatazwa na sheria anabeba bastola iliyofichwa bila hata kibali, na zaidi ya nusu ya majimbo ya Marekani sasa ni hivyo hivyo, kwa hivyo nafanya kazi na watu wamebeba kila siku na alama nnazoziona ni hizo hizo za babu, hasa kushuka kwenye gari na kuvuta shati chini. Lakini huku aliebeba si lazima awe mwizi, wengi ni watu na familia zao wamekwenda kununua maziwa.

Kuna kisa kimoja mashuhuri cha hapa hapa Ohio, mji wa Cleveland, Oktoba 1963. Mpelelezi mmoja akiitwa Martin McFadden, miaka 39 kwenye polisi, kawaona watu wawili wanapokezana kupita mbele ya duka, mmoja anakwenda anachungulia dirishani anarudi wanasemezana, wa pili naye hivyo hivyo, mara nyingi tu. Akawafuata, akampapasa mmoja juu ya nguo, akakuta bastola ndani ya koti, na mwenziwe naye anayo. Kesi ilifika Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1968, majaji wanane kwa mmoja wakasema askari akiwa na sababu ya maana ya kushuku kuwa mtu ana silaha na ni hatari anaweza kumpapasa juu ya nguo. Sasa angalieni, yule mzee hakuona uvimbe wowote kiunoni. Miguu ndo iliyomwambia. Na makoti kule mwezi ule kila mtu anayo, huwezi kushuku koti, kwenu huko mtu kavaa jaketi nzito kwenye joto la kaskazi ndo ungeuliza.

Kijana_wa_Wete
Jaketi na bodaboda je? Hao wanavaa jaketi la manyoya jua la saa saba, tena wengine kinyumenyume.

Mzenji_Ohio
Haya, bodaboda tuwatoe 😂

Nesi_wa_Mkoani
Jamani na mie niseme maana mnaweza kumuumbua mtu. Kuna mwenye mshipa wa ngiri kavaa mkanda wake, kuna aliefanyiwa upasuaji ana mfuko wa choo tumboni, huyo shati kubwa ni lazima na kuugusa kila saa ni lazima, anaogopa usivuje mbele za watu. Na anakaa upande kwa sababu kunamuuma. Alama zote za babu anazo. Sasa wakala ukimpigia kelele mtu kama huyo utamwambia nini?

Babu_Lindo
Nesi umesema kweli tupu. Alama moja si kitu mwanangu. Mie nilikuwa nikiona moja nakaa kimya, nikiona tatu kwa mtu mmoja na macho yake hayako kwenye shughuli iliyomleta, yako kwenye mlango na kwenye droo, hapo ndo naita mwenzangu. Mgonjwa macho yake yako kwenye foleni, anataka amalize akakae.

Wakala_Chake
Shukran babu. Macho sikuyaangalia, nilikuwa naangalia shati tu. Sasa akija tena nifanye nini?

Babu_Lindo
Usimkodolee macho wala usijifanye polisi. Pesa kubwa isikae kibandani, ukiona imejaa peleka benki hata mara mbili kwa siku. Ongea nae kawaida, mtu akisalimiwa vizuri na kutazamwa usoni anajua umeshaishika sura yake. Kama roho haijatulia akishatoka piga 112 useme urefu, viatu na kaelekea wapi, shati atabadilisha lakini viatu nadra. Na akikutolea, mpe, mikono ionekane, usibishane hata neno moja. Pesa ya watu inalipika.

Wakala_Chake
Jamani kaja leo. Kavaa fulana na kikoi, kiuno kitupu, kashika simu mkononi na mfuko wake mpya wa ngozi wa kuivalia kwenye mkanda, kumbe ule wa zamani ulikuwa unamkatikia. Kataka kutoa elfu ishirini. Salio halikutosha.