Dawa za Kichina za kutafuta mtoto, wenye uzoefu naombeni msaada (Mtwara)

binti_mikindani
Habarini wapendwa, naombeni mnisaidie mawazo. Mi na mume wangu tupo Mtwara mjini, ndoa mwaka wa tatu huu mtoto bado, hedhi yangu inaruka, mwezi huu haipo mwezi ujao inakuja siku nyingi, na maneno ya mawifi mnayajua wenyewe. Sasa kuna dada anauza dawa za Kichina akanipeleka kwa daktari wao, akaniangalia ulimi akashika mapigo mikono yote miwili, akasema figo zangu dhaifu na kizazi kina baridi, natakiwa dawa za kuchemsha miezi mitatu, sindano zile nyembamba za kuchoma mwilini zisizo na dawa ndani (akupancha), na vile vidonge vyenye kamba vya kuweka ukeni vinasafisha kizazi. Hela ni ndefu, mume anasema tusubiri mnada wa korosho. Hapo kwenye figo ndo nimeogopa, ni kweli zinaumwa? Na kuna aliyetumia akapata? Mume hajapima chochote, anasema yeye mzima.

mfamasia_kusini
Pole sana dada. Nianze na figo ili hofu ikutoke. Kwenye tiba ya Kichina figo ndo ghala la nguvu za uzazi, kwaiyo wakisema figo dhaifu wanamaanisha nguvu ya kuzaa imepungua, hajasema hizi zinazochuja mkojo zinaumwa, hizo huwezi kuzijua kwa kushika mkono, zinapimwa kwenye damu na mkojo. Na kizazi baridi ni maelezo yao vilevile, ndo maana wanatoa mimea ya kupasha mwili na wengine wanachoma majani makavu karibu na tumbo. Ni elimu ya zamani na siidharau, hata dawa mseto ya malaria tunayomeza hapa kila zahanati asili yake ni mmea wa Kichina, yule mama Tu Youyou alipata Nobel 2015 kwa hiyo kazi. Ila ile walichuja kiini chake wakakipima kwa wagonjwa wakaona kinafanya kazi, ndo na hizi za uzazi tunatakiwa tuulize hivohivo.

Sindano zimeshapimwa. Wachina wenyewe walifanya utafiti ukatoka 2017, kina mama 1000 wenye PCOS, yani ule mvurugiko wa homoni unaofanya hedhi iruke kama yako. Waliopewa klomifeni, ile dawa ya kupevusha mayai, waliojifungua ni kama asilimia 28 au 29, na haikujalisha kachomwa sindano za kweli au za kuigiza. Sindano za kweli bila klomifeni ni 14 tu, na za kuigiza bila klomifeni 17. 2018 ikatoka nyingine ya Australia na New Zealand, wanawake 848 waliokuwa wanapandikizwa mimba hospitali (IVF), sindano hazikuongeza watoto. Zinaweza kukutuliza mawazo sawa, ila usiuzie korosho kwa ajili hiyo. Na klomifeni usiende kununua mwenyewe, inatolewa baada ya vipimo.

Vile vya kamba ACHA KABISA dada yangu. Kizazi hakihitaji kusafishwa, vile vinachubua na vinaweza kuleta maambukizi, na maambukizi yakipanda juu ndo yanaziba mirija ya uzazi. Utakuwa umelipia tatizo.

mama_wawili_masasi
Mi nilizitumia za kuchemsha, zina ule mzizi wanaita dang gui, na hedhi ilikaa sawa kwa kipindi kile sisemi uongo, sijui ni dawa au mwili wenyewe, ila mimba haikuingia. Iliingia baada ya mume wangu kukubali kupima, mbegu zikaonekana chache, mishipa ya korodani imevimba, wakamfanyia operesheni, tukakaa tukisubiri sana lakini sasa nina wawili. Mdogo wangu usimeze hata kijiko kimoja mumeo hajapima. Inauma sana mwanamke kunywa machungu peke yake nyumba nzima inakuangalia tumbo.

mzee_lukuledi
Mwanangu huyo mumeo mwonyeshe hapa asome. Madaktari wa Kichina tunao bara tangu 1968, walitoka jimbo la Shandong, siyo watu wageni kwetu. Na Wachina hao hao wana dawa ya mwanaume, vidonge vya mbegu tano za mimea, wanampa baba kabisa. Kwaiyo huyo aliyekupangia dawa wewe tu bila kumuita mumeo, hata kwa Kichina chenyewe kazi hajaimaliza. Shirika la Afya Duniani linasema mtu 1 kati ya 6 hupitia hili, na karibu nusu ya kesi mwanaume yumo. Kupima mbegu hakuna sindano wala kisu, akae bila tendo siku 2 mpaka 7 ndo atoe sampuli. Siyo aibu.

binti_mikindani
Shikamoo mzee, asanteni wote, nimelia kidogo hapa. Nimemsomea, kanyamaza alafu kasema wiki ijayo tutaenda. Mfamasia, hizi za kuchemsha naweza kuanza wakati napima?

mfamasia_kusini
Usianze. Kwanza dang gui haifai ukiwa na mimba na we unaitafuta, na inagombana na dawa za kuyeyusha damu kama warfarin. Pili mdai majina ya kila mmea, akikataa kukuambia ondoka. Miaka ya 90 mwanzoni huko Ubelgiji wanawake zaidi ya 100 waliharibika figo, figo hizi za kuchuja mkojo, kwa vidonge vya kupunguza uzito vilivyowekwa mmea wa Kichina usio wenyewe. Muulize pia kama amesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, sheria ipo tangu 2002.

Alafu anzeni Ligula au ile hospitali ya kanda pale Mitengo, we homoni na ultrasaundi, yeye mbegu. Wakikuandikia picha ya mirija inapigwa hedhi ikishakata, kabla ya siku ya 10 tangu ilipoanza, na usikutane na mumeo hapo katikati. Na kwa kuwa yako inaruka waambie wakupime mimba kwanza kabla ya hiyo picha.