Lenzi zipi za kwenda nazo Disney World?

Mama Zuu: Wakuu, mwezi wa saba tunaenda Magic Kingdom, bustani ya Disney World kule Orlando, na wanangu. Nina kamera ya Canon R10, lenzi ya kuvuta ya mm 18-150 na ya mm 50 f/1.8, ile inayoingiza mwanga mwingi. Nibebe zote? Bega langu si la punda.

Fundi Picha: Dada, 18-150 ikae kwenye kamera kutwa. Gwaride likipita unanasa kasri zima, kisha sura ya Mickey. Ile 50 ni ya Haunted Mansion, nyumba ya mizimu unayozungushwa kwa kigari: mle giza totoro na flashi marufuku.

Kaka Mkubwa: R10 ina sensa ndogo, kwa hiyo 50 inabana kama 80 kwenye kamera ya fremu kamili. Kwenye kigari utapata pua ya mtoto tu! Azima 16 f/2.8, inaona pana. Na mfuko wa plastiki. Mvua za mchana Florida hazibishi hodi.

Mama Zuu: 16 anayo shemeji. Fataki je?

Fundi Picha: 18-150, f/8 (tundu dogo), ISO 100 (wepesi mdogo wa kunasa mwanga), shata iwe wazi sekunde mbili, kamera ukiiegemeza ukingoni.