MREJESHO: Binti wa dada aliyegoma shule baada ya msiba

Wakuu, habari za siku. Mwezi wa pili nilileta hapa habari za binti wa dada yangu, kidato cha tatu, aliyeacha kula na kugoma shule baada ya kufiwa na baba yake. Asanteni wote mlionijibu.

Uliyesema nipige 116, ile namba ya simu ya msaada kwa watoto, Mungu akubariki. Ni bure kweli. Mara ya kwanza haikupokelewa, ya pili nikaelekezwa kwa afisa ustawi wa jamii. Huyo tulimkosa mara mbili. Ya tatu akatuandikia barua ya kwenda kliniki ya afya ya akili, hospitali ya mkoa. Pale muuguzi alitutoa nje, akabaki na binti karibu saa nzima. Dada kwenye benchi anakunja na kukunjua ile barua mpaka ikachanika. Binti akatoka macho mekundu, akauliza chapati zinauzwa wapi. Tangu msiba hakuwahi kuomba chakula!

Kuongea na shule hakukuzaa kitu. Mkuu wa shule anasema anajidekeza. Ila mwalimu wa ushauri nasaha anamtumia noti kwa WhatsApp. Bibi naye bado anataka mganga, hiyo vita sijashinda.

Sasa anakwenda shule siku tatu, nne kwa wiki. Usingizi bado unasumbua.

Utakayesoma baadaye: ulizia kwanza siku ya kliniki. Sisi safari ya kwanza tulirudi patupu, nauli imeliwa.