Rock Lee alidhulumiwa mchana kweupe na nimechoka kukaa kimya

Wakuu spoila zipo humu, kama hujamaliza Naruto, ile katuni ya Kijapani (anime) ya maninja, pita kushoto usije ukanitukana baadae.

Hizi hasira nimeletewa na mpwa wangu. Dogo ana miaka kumi na moja, likizo hii kaja kukaa kwangu, na mimi kuona anashinda kwenye simu nikasema ngoja nimuanzishie Naruto toka mwanzo kabisa, ninayo yote kwenye hadidiski ya zamani, niliijaza kidogo kidogo enzi niko sekondari kwa jamaa mmoja wa laibrari ya muvi, unapeleka flashi ya GB 4 anakurushia episodi kadhaa unaenda kuzihamisha, kesho unarudi tena na hela nyingine. Basi tukaanza. Siku ya pambano la Rock Lee, yule ninja wa nguo za kijani, na Gaara tulikuwa tunakula, dogo kashika tonge, pambano linaisha tonge bado liko mkononi limeshakauka.

Sasa tuko Shippuden, ile sehemu ya pili, vitani huko, na karibu kila siku ananiuliza, "Anko, yule wa kijani anapigana lini?" Mara ya kwanza nikamwambia subiri. Ya pili subiri. Juzi kauliza tena nikajifanya sijasikia, nikainuka nikaenda kuchemsha chai ambayo hakuna mtu aliyeiomba. Maana jibu nalijua na ni jibu la aibu: HAPIGANI. Ndo imetoka hiyo.

Tukumbushane huyu mwamba aliletwaje. Hana ninjutsu (uchawi wa kininja), hana genjutsu (viini macho), yani dunia ambayo watu wanatema moto na kuita machura makubwa kama ghorofa, yeye ana ngumi na mateke basi. Anaingia kwenye hadithi siku ya kwanza anampiga Sasuke, Sasuke yule yule mwenye Sharingan (macho ya ajabu) na ukoo na mashabiki, anamchezea kama mpira wa makaratasi kabla hata mtihani wa Chunin, ule wa kupanda cheo cha ninja, haujaanza. Msituni kule, mtihani unaendelea, anajitokeza peke yake kumkinga Sakura wa timu ya Sasuke mbele ya wale watatu wa Kijiji cha Sauti, na anapigwa kweli kweli, na hata hapo hujamuonea huruma, umemheshimu.

Halafu Gaara. Mpaka hapo Gaara hajaguswa na mtu, mchanga unamlinda wenyewe. Guy, mwalimu wake, yuko kule juu anamwambia vua. Lee anafungua vile vyuma vya miguuni anaviachia, unadhani ni vidude vya mazoezi tu, vinatua chini sakafu inapasuka vumbi linapanda. Toka hapo mchanga haumpati tena. Anafungua Milango, vizuizi vya nguvu ndani ya mwili, mpaka wa tano, ngozi imekuwa nyekundu, misuli inachanika, Kakashi, mwalimu wa Sasuke, anamgeukia Guy kwa hasira kwamba mtoto mdogo unamfundisha kitu kama hiki? Na pamoja na yote hayo anashindwa, mkono na mguu vinasagwa. Sasa kipande ambacho mimi na ndevu zangu hizi siwezi kukiangalia mtu akinitazama: Guy kashaingilia kati, pambano limekwisha, na Lee anasimama. Kwa mguu ule ule. Anakaa mkao wa kupigana. Guy anamfuata amwambie imetosha, kumtazama usoni anakuta hana fahamu. Mtu kazimia huku kasimama, akili imeshaondoka mwili umegoma kuondoka.

Baadae Tsunade, yule daktari, anakuja anasema upasuaji nusu kwa nusu, ukifeli ndo basi amekufa, na Guy anamwambia dogo wake, ukifa na mimi nitakufa na wewe.

Nyie. Mwandishi anayeandika kitu kama hicho ukimuona unasema huyu anajua anakompeleka huyu mtoto. Kumbe hajui bana! Alikuwa ameshamaliza pale pale! Akamtoa hospitali akampeleka kupigana na Kimimaro, yule adui wa mifupa, hajapona vizuri, akalewa kwa bahati mbaya akapigana kilevi, tukacheka, Gaara akaja kuendelea alipoishia, na huo ndo ukawa mwisho wa Rock Lee kama mtu mwenye hadithi yake mwenyewe. Piga hesabu, sehemu ya kwanza episodi 220, Shippuden 500, jumla 720. Baada ya Kimimaro zimebaki karibu 600. Nitajie pambano MOJA ndani ya hizo ambalo Lee kasimama yeye na adui wa maana akaondoka na ushindi wake. Moja tu. Na msiniletee zile za kujazia muda, zile zinazoitwa fila, na kweli lila na fila havitangamani. Wala msiniambie alipigana na nakala yake mwenyewe kule walipoenda kumuokoa Gaara, mtu kuzipiga na kivuli chake nalo ni pambano la kwenda kusimulia kijiweni?

Ila lililoniuma zaidi ya yote ni la Neji, na hili sijui kwa nini watu hawalisemi.

Lengo la Lee lilikuwa nini toka siku ya kwanza? Kuwa ninja bora kwa ngumi na mateke tu, na kumshinda Neji. Hakusema anataka kuwa Hokage (mkuu wa kijiji) kama Naruto, hakusema anataka kumuua kaka yake kama Sasuke. Neji ni kipaji cha ukoo wa Hyuga, wako timu moja, kila siku anakula kipigo kwake na kila siku anarudi, na hizo ngumi zote za kwenye gogo usiku usiku, mikono imefungwa bandeji, ni kwa ajili ya siku moja tu ambayo yeye na Neji watasimama uso kwa uso na yeye atoke mshindi. Hiyo siku tuliahidiwa. Kwanza Naruto ndo akapewa Neji kwenye fainali za Chunin, sawa, ni stelingi, tukameza. Tukasubiri. Tukasubiri. Halafu sura ya 614 ya manga, kile kitabu cha michoro kilichozaa katuni, Neji anachomwa na miti ya lile dubwana la mikia kumi akiwakinga Naruto na binamu yake Hinata, anakufa, na kamera yote inahamia kwa Naruto na Hinata, wameshikana mikono, hadithi inasonga mbele. Yule aliyekuwa naye timu moja miaka yote, aliyekuwa anaamka asubuhi kwa sababu yake, kapewa vipande vya kulia tu tukaendelea na safari.

Na unajua Lee alikuja kumshinda Neji wapi? Ndotoni. Kwenye ule uchawi wa Tsukuyomi isiyo na mwisho, kila mtu anaoteshwa kile moyo wake unachotaka, na kijana wa watu anaota amemshinda Neji. Ambaye kashakufa. Yani deni la miaka karibu kumi na tano umelipwa kwa ndoto, na ndoto yenyewe ni ya adui. Mwandishi aliandika hicho kipande kwa mkono wake, maana yake ALIKUMBUKA. Angesahau ningemsamehe.

Ngoja nijibu mapema wale wa "ila nguvu zilipanda sana mkuu, taijutsu (kupigana kwa mwili tu) isingeweza kufika huko". Guy je? Guy ana nini zaidi ya ngumi na mateke? Huyo huyo Guy kafungua mlango wa nane akampiga Madara, adui wao mkubwa vitani, mwenye nguvu za Njia Sita mpaka Madara mwenyewe kakiri kwamba katika taijutsu hajakutana na mtu kama yeye. Kwa hiyo msituambie haiwezekani, iliwezekana, ilipewa mwalimu. Na mimi Guy simchukii, lile pambano nimelirudia sijui mara ngapi, lakini mwanafunzi wake alikuwa hapo hapo na kazi aliyopewa ni kushuhudia na kutoa machozi. Wewe ni kocha, una straika kafunga goli la msimu mzima mechi ya kwanza, unamweka benchi mpaka ligi inaisha, siku ya fainali unavua koti unaingia kucheza mwenyewe. Mashabiki wangekuchomea gari.

Mlinganishe na Gaara sasa, maana hawa wawili walianzia ukumbi mmoja. Aliyesagwa na aliyesaga. Gaara kawa Kazekage (mkuu wa kijiji chake), kafa kafufuliwa na Bibi Chiyo, kakamata uongozi wa jeshi zima vitani akatoa hotuba watu wakalia, kakutana na baba yake aliyefufuliwa wakayamaliza ya kwao. Vizuri sana, namkubali Gaara, ni katika watu walioandikwa vizuri mle ndani. Ila aliyesagwa ndo aliyetakiwa kubakiwa na chochote jamani, hata kidogo! Angalia, Kimimaro alifufuliwa na Kabuto, mmoja wa maadui, vitani. Kimimaro! Yule yule ambaye Lee alikutana naye mgonjwa na mlevi! Meza imeshaandaliwa, wali upo nyama ipo, Lee mzima wa afya na hajanywa kitu, Kimimaro na mifupa yake, sura mbili tu za manga zingetosha. Hawakukutanishwa hata kwa bahati mbaya.

Mimi naona chanzo ni kwamba Rock Lee alianza kuwa shahidi mbaya kwa stelingi. Mwanzoni Naruto na Lee walikuwa kitu kimoja, wote ni mafeli wa darasa wanaokataa kufeli, na Naruto kamwambia Neji mbele ya umati kwamba mambo ya kuzaliwa umeandikiwa ni upuuzi. Tukapiga makofi. Baadae ikawa Naruto baba yake ni Hokage wa nne, mama yake Uzumaki, tumboni ana mbweha, na mwisho kabisa ni Ashura kazaliwa upya, yani kaandikiwa toka enzi za mababu. Sasa ukiwa umeshaenda njia hiyo utamuweka wapi mtu ambaye hana ukoo, hana mnyama, hana macho ya ajabu, ana bandeji tu? Akisimama pembeni ya Naruto anauliza swali kwa kukaa kimya. Ndo maana wakamgeuza kichekesho. 2012 wakamtolea na anime yake kabisa, episodi 51, nikafurahi kweli nilipoona jina lake juu, kufungua nakuta vichwa vikubwa miili midogo, utani mwanzo mwisho. Watoto watacheka ni sawa, ila yule mtu aliyezimia amesimama ndo mmemfanyia hivi?

Na usiniulize kuhusu Tenten, yule msichana wa timu yao. Tenten mpaka leo hatujui hata jina la ukoo, pambano lake na Temari kwenye manga hatukuonyeshwa, tumeonyeshwa tu akiwa ameshapigwa, na mwisho wa hadithi yuko dukani analalamika amani imeharibu biashara ya silaha. Timu nzima ya Guy ilikuwa na mkosi. Tenten anahitaji uzi wake na mimi nguvu hizo leo sina.

Kuna mtu atasema huyu ni msindikizaji tu, mbona unataka kila mtu awe stelingi. Sitaki awe stelingi! Shikamaru ni msindikizaji, alipewa kisasi cha Asuma, mwalimu wake aliyeuawa, akalia baada ya kucheza shogi (kama chesi) na baba yake, akapanga mtego, akamfukia Hidan kwenye shimo, episodi chache tu hizo na mpaka leo ukisema Shikamaru kila mtu anajua unamzungumzia nani na kapitia nini. Hicho ndo nilichokitaka kwa Lee. Wiki chache katika miaka 15 ya manga.

NAONGEZEA: Naona mmekuja na "nenda kasome Boruto (hadithi iliyofuata), Lee yupo". Nimeona. Ana mtoto anaitwa Metal Lee, nguo zile zile nywele zile zile nyusi zile zile, na mama wa mtoto hatajwi. Hata kama huyu mtu alioa hatujaonyeshwa! Hilo nalo ni la kuletwa hapa kama ushahidi wa utetezi?

NAONGEZEA TENA: Mkuu uliyesema Lee alifelishwa na mashabiki kwa sababu hatukumpigia kelele, hapo umeniua, sina jibu. Mimi mwenyewe enzi hizo flashi ikijaa nilikuwa nafuta za Lee nabakiza za Itachi, kaka wa Sasuke.

Haya semeni. Atakayenitajia lile pambano moja naufuta huu uzi naomba radhi. Dogo saa hizi yupo sebuleni kafika episodi ya 358, Neji anakufa 364. Kaniuliza tena jioni, "Anko, wa kijani na yule wa macho meupe watakuja kupigana lini?" Nimemwambia akalale.