Tupeane uzoefu: wanaoyeyusha na kusubu metali nyumbani

Koleo_Refu
Wakuu salama? Uzi huu ni wa sisi tunaoyeyusha metali wenyewe kwa tanuri la udongo, mkaa na feni basi. Naanza mimi. Nakomaa na alumini tu, inayeyuka kwenye nyuzi 660 na mkaa ukipulizwa vizuri unafika hapo na kupitiliza. Tanuri langu ni ndoo ya chuma nimeikandika ndani kwa udongo wa mfinyanzi na mchanga, bomba la upepo linaingia chini kwa kukata upande, halilengi katikati, kwa hiyo moto unakizunguka chungu chote badala ya kukichoma sehemu moja. Likiwa jipya lisubirini likauke kabisa afu muwashe moto mdogo mdogo, la sivyo unyevu uliojificha ndani unalipasua. Haya, nyie mnayeyusha nini na kalibu, yaani umbo la kumiminia metali, mnatengenezaje?

Mama Pistoni
Mimi nilianza na makopo ya soda kama wengi wanavyoanza, ila simshauri mtu, kopo ni jembamba mno kwa hiyo sehemu kubwa inaungua na kuwa takataka zinazoelea juu. Tafuteni pistoni kuukuu au rimu zilizovunjika, hizo zina silikoni tangu kiwandani, zinatiririka mpaka kwenye kona nyembamba za kalibu. Halafu kila kipande kipasheni moto pembeni mwa tanuri kabla hakijaingia chunguni!! Nimeshuhudia kipande chenye unyevu kikitumbukizwa kwenye alumini iliyoiva, maji yakageuka mvuke papo hapo na metali ikaruka juu, tone moja likamtua mwenzangu kwenye buti. Likateleza likaanguka chini kwa sababu suruali yake ilikuwa imefunika buti kwa nje, angekuwa ameichomekea lingeingia ndani kwenye mguu. Tangu siku hiyo kwangu hakuna anayesogea bila buti la ngozi, suruali nje, na kioo cha uso.

mchanga_mbichi
Kwangu moto ni kazi ndogo, kazi ni mchanga wa kalibu. Nachekecha mchanga laini, nachanganya na udongo wa mfinyanzi uliosagwa, maji nanyunyiza kidogo kidogo. Kipimo ni ngumi: kamata, fumbua, donge libaki na alama za vidole, ulivunje katikati, likikatika safi bila kumomonyoka hapo umepata. Likikuachia mkono umelowa maji yameshazidi na kazi itatoka na vitundu vya mvuke.

Kingine, alumini ikiganda inasinyaa karibu asilimia 6. Puli zangu zilikuwa zinabonyea pale katikati penye unene, yaani kila nikifungua kalibu naona shimo. Nikaanza kuchonga kisima cha akiba juu ya hiyo sehemu, kinene kuliko puli yenyewe, ili kigande mwisho na puli inyonye metali kutoka humo. Siku hizi shimo linaishia kwenye kisima, nakata natupa chunguni tena.

Fundi_Uani
@mchanga_mbichi hapo kwenye kisima umenifungua macho mkuu. Swali kwa wote, shaba nyekundu na shaba njano mkaa unaziweza?

Koleo_Refu
Unaziweza. Nyekundu ni nyuzi 1085, itakula mkaa na upepo mwingi. Njano ndo naiogopa mimi, ndani ina zinki na zinki inachemka kwenye 907, ule moshi mweupe ukiuvuta, usiku unatetemeka kwa homa. Kwa sababu hiyohiyo bomba la mabati, lililopakwa zinki, lisigeuzwe chungu. Na hata chungu cha chuma cha kawaida alumini inakila taratibu, kikaguliwe kila mara kabla hakijatoboka mkononi.

nta_na_udongo
Mie nasubu vitu vidogo, pete na vishikizo. Nachonga kwa nta ya nyuki, nafunika udongo laini tabaka kwa tabaka, nauacha ukauke, nauchoma mpaka nta yote imetoka na udongo umekuwa mwekundu, afu namimina ukiwa bado wa moto. Hata alama ya kidole iliyobaki kwenye nta inatokea kwenye shaba. Kumimina namiminia juu ya mchanga mkavu, sakafu ya saruji ina maji ndani yake, metali ikimwagika inapasuka na vipande vinaruka. @Fundi_Uani anza na alumini kwanza, shaba itakusubiri.